Ukimchunguza Sana Bata

Kuna kipande cha plastiki kinachouzwa California ambacho umbo lake ni kama pezi la samaki. Hufungwa nyuma ya mshikio wa bunduki aina ya AR-15, pale ambapo kidole gumba kingezunguka ili mkono ukamate vizuri. Kikishafungwa, gumba halina pa kupita. Linabaki upande mmoja na vidole vingine, kama mtu anayeshika kikombe cha chai kilicho moto sana. Ndiyo kazi yake yote. Hakipunguzi mwendo wa risasi, hakipunguzi idadi yake, wala hakimzuii mtu kufyatua mara nyingi kadiri kidole chake kinavyoweza. Lakini ukiwa na bunduki yenye pezi, na mambo mengine mawili matatu yakirekebishwa, wewe ni raia mwema. Ukilitoa pezi usiku ukiwa peke yako jikoni, umetengeneza "silaha ya mashambulizi" na unaweza kufungwa.

Nimelifikiria hilo pezi kuliko inavyofaa mtu anayeishi Umoja na ambaye hajawahi kushika bunduki. Sababu ni kazi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikisomea sheria, fee iliponishinda, na tangu hapo naandika vitu vya watu wengine mtandaoni: maelezo ya viatu, ya magodoro, ya dawa za viroboto vya mbwa. Siku moja mteja wa Marekani akanipa oda ya maelezo thelathini ya vipuri vya bunduki. Senti mbili za dola kwa neno. Maagizo yalikuwa marefu kuliko kazi yenyewe. Usiseme kifaa "kinakwepa" sheria, sema "kinatii." Usiseme "haraka," sema "kwa urahisi." Kila sentensi ilikuwa na wasomaji wawili, yule atakayenunua na yule wakili atakayeisoma kortini siku mambo yakiharibika.

Nikiandika nilianza kujiuliza swali ambalo darasani tulilipita mbio mbio: mtu anayetii neno la sheria huku akilipiga chenga kusudi lake, huyo ni mtiifu au ni mhalifu mwenye wakili mzuri?

Ili swali lisielee hewani, wacha nieleze pezi lilifikaje hapo.

Januari 17, 1989, mtu mmoja aliingia kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Cleveland, mjini Stockton, California, watoto wakiwa mapumzikoni. Alikuwa na bunduki ya muundo wa AK iliyotengenezwa China. Aliua watoto watano na kujeruhi wengine makumi kabla ya kujiua. Hao watano walitoka familia za wakimbizi wa Kambodia na Vietnam. Wazazi wao walivuka bahari nzima kuukimbia mlio wa silaha kama ile.

Mwaka huo huo California ikawa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku kundi hili la bunduki. Ilifanyaje? Iliandika majina. Kampuni fulani, modeli fulani, orodha ndefu. Ukishaandika majina umemwambia kila mwenye kiwanda afanye nini: abadilishe jina. Bunduki ile ile, chuma kile kile, herufi mpya ubavuni. Kwa hivyo mwaka 1999 bunge la jimbo likapitisha sheria nyingine, isiyotazama jina bali viungo. Bunduki inayojipakia yenyewe kila baada ya risasi, yenye kikasha cha risasi kinachochomoka, ikiwa na hata kiungo kimoja katika hivi, ni marufuku: mshikio kama wa bastola, kitako kinachokunjwa au kurefushwa, kifaa cha kuficha mwako mdomoni mwa mtutu, mshikio wa mbele, kirusha guruneti.

Serikali ya shirikisho nayo ilikuwa imejaribu njia hiyo mwaka 1994, ila yenyewe ilitaka viungo viwili, na orodha yake ilikuwa na mahali pa kufungia singe. Singe! Sijui nani alikuwa na hofu ya kuchomwa singe Marekani mwaka 1994. Viwanda viliondoa mahali pa singe, vikaondoa kificha mwako, vikaendelea kuuza. Sheria hiyo ilipewa miaka kumi tu, na Septemba 2004 ikafa kimya kimya.

California haikuacha. Lakini sikiliza hii. Kanuni za jimbo zilisema kikasha "kinachochomoka" ni kile kinachotoka bila kutumia zana. Halafu, kwa sababu ambayo nadhani mwandishi wake aliona ni ya busara, kanuni ikaongeza kwamba risasi nayo ni zana. Basi watu wakabuni kitufe kilichozama ndani, ambacho kidole hakiwezi kukibonyeza lakini ncha ya risasi inaweza. Unadunga, kikasha kinadondoka, unaweka kingine. Wakakiita kitufe cha risasi. Kwa miaka mingi maduka ya California yaliuza bunduki zenye kitufe hicho kihalali kabisa.

Desemba 2, 2015, mume na mke waliua watu 14 mjini San Bernardino. Bunduki zao ndefu zilinunuliwa dukani zikiwa na kitufe hicho, kisha zikachezewa. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likakiziba: kuanzia 2017, kikasha kihesabiwe kuwa kimefungwa tu iwapo hakiwezi kutoka bila kuifungua bunduki sehemu ya mitambo. Haikuchukua muda kabla ya vifaa vinavyoifungua bunduki kidogo tu, sekunde moja, kikasha kidondoke, kisha ifunge tena. Na kwa wale ambao hawakutaka kikasha kilichofungwa, ndipo pezi likapata soko.

Jamaa tunayekaa naye keja moja, fundi wa simu, alisoma maelezo yangu ya pezi juu ya bega langu akacheka hadi akakaa chini. "Buda, si hii ni kama ile ya mifuko?"

Alikuwa amegonga penyewe. Agosti 28, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na adhabu ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Wiki chache na mama mboga wote wa Umoja walikuwa na kile kifuko laini kinachofanana na kitambaa. Tulijisifu. Nchi safi. Ila kile kifuko kilikuwa polipropilini, yaani plastiki iliyosokotwa ikavaa nguo. Vingi vilikuwa dhaifu hata kuchanika mara ya pili, vikaishia mtaroni kama vile vya kwanza. Mwaka 2019 NEMA ikavipiga marufuku pia.

Sasa mama mboga alikuwa mjanja? Hapana. Alinunua alichoambiwa ni halali kutoka kwa mtu wa jumla. Hakusoma gazeti la serikali kutafuta pengo. Lakini kiwandani kuna mtu aliyelisoma. Kuna mtu aliyekaa mezani akauliza sheria imesema plastiki ya aina gani hasa, yenye umbo gani hasa, na tunaweza kutengeneza nini ambacho si hicho ila kinafanya kazi ya hicho. Huyo ndiye mtu anayenishughulisha.

Darasani, kabla fee haijanifukuza, tulisoma mjadala maarufu wa mwaka 1958 kati ya H.L.A. Hart wa Oxford na Lon Fuller wa Harvard. Hart alitoa mfano wa sheria inayokataza vyombo vya kusafiria katika bustani ya umma. Gari dogo la kawaida halina mjadala. Lakini baiskeli je? Viatu vya magurudumu? Gari la mtoto la kuchezea? Iweke Uhuru Park utaongeza mwenyewe: bodaboda, mkokoteni wa muuza maji, kiti cha magurudumu chenye mota. Hart alisema kila neno la sheria lina kiini kilicho wazi na pembezoni mwenye giza, na huko gizani hakimu lazima aamue. Fuller akamjibu kwamba hata kiini hakisomeki bila kujua kusudi. Je, wazalendo wakitaka kuliweka bustanini lori la jeshi la vita vya pili vya dunia, zima, linalowaka, juu ya jukwaa kama kumbukumbu? Ni chombo cha kusafiria bila shaka. Lakini ndicho sheria ilichokikataza?

Ni mjadala mtamu, ila una kitu kimoja kinachonisumbua. Vitu vyote vya Hart na Fuller ni vitu visivyo na hila. Baiskeli haikutengenezwa kwa sababu ya ile sheria ya bustani. Ilikuwepo, ikapita, ikakutana nayo. Pezi si hivyo. Pezi halina maisha nje ya sheria za aina ya California. Nevada, jimbo jirani, hakuna mtu angelifunga bunduki yake hata akilipwa. Ni kitu kilichozaliwa na sheria, na swali juu ya vitu kama hivyo haliwezi kuwa tu kama viko ndani au nje ya neno. Lazima tuulize vilizaliwa kufanya nini.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba vifaa thelathini nilivyoandika havikuwa jamii moja.

Pezi linatii kwa kupoteza. Sheria ilisema hutashika bunduki hivi, na kweli huishiki hivyo. Mwenye nayo amelipa, anashika vibaya. Ukiniuliza kama hilo linaokoa mtu, nitakwambia ni kidogo sana, pengine hakuna. Lakini lawama hiyo si ya mwenye bunduki. Bunge liliomba gumba, likapewa gumba. Wabunge walikuwa wanaogopa bunduki zinazofyatua haraka na kubadilishwa kikasha haraka, na badala ya kutaja hilo wakataja sura: mshikio, kitako, mdomo wa mtutu, vitu vinavyofanya bunduki ifanane na ya askari. Sitasema vyote ni urembo. Mshikio ule husaidia kuituliza bunduki, ndiyo maana majeshi huutumia. Lakini kati ya kifaa kinachosaidia kidogo na kile kinachoua watu wengi kuna umbali mkubwa, na sheria ilisimama upande usio sahihi wa huo umbali. Nani atamlaumu raia kwa kufanya kile hasa alichoambiwa?

Kitufe cha risasi kinatii kwa kurudisha. Sheria ilichukua uwezo wa kubadilisha kikasha upesi, nacho kikaurudisha, kwa kuongeza tu mdungo wa ncha. Ni kama dereva wa matatu anayefunga kidhibiti mwendo cha kilomita 80 ili apite ukaguzi, halafu chini ya dashibodi akaweka swichi ya kukizima. Tofauti ni kwamba dereva amevunja sheria na mwenye kitufe hakuvunja. Kisheria tofauti hiyo ni kubwa. Kimaadili sioni ni ya kumtosha mtu kulala vizuri.

Kwa hivyo kipimo changu ni hiki, na si cha kortini: baada ya kutii, kile ambacho sheria ilikuwa inakichukua, bado unacho? Kama hunacho, umetii. Kama unacho, na ulinunua kifaa ili uendelee kuwa nacho, unajua ulichofanya hata kama hakimu hawezi kukugusa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni bampustoki. Tangu mwaka 1934, sheria ya shirikisho Marekani inaibana vikali bunduki ya rashasha, ambayo inaielezea kama silaha inayotoa zaidi ya risasi moja, yenyewe, kwa tendo moja la kifyatulio. Mwaka 1986 mpya zikafungiwa raia kabisa. Bampustoki ni kitako kinachoteleza. Bunduki inarudi nyuma kwa nguvu ya risasi, mkono mwingine unaisukuma mbele, na kifyatulio kinajigonga chenyewe kwenye kidole kilichosimama tuli, tena na tena na tena. Mwaka 2010 idara inayosimamia silaha, ATF, iliandika barua kwamba kifaa hicho si rashasha. Ndani ya barua hiyo mlikuwa na maelezo ambayo kama mwandishi wa maelezo ya bidhaa yalinifanya nisimame, nitembee kidogo chumbani: kifaa kimekusudiwa kuwasaidia watu ambao mikono yao ina ulemavu wa kujongea.

Sisemi hakuna mlemavu aliyewahi kukitumia. Nasema nimeandika sentensi za aina hiyo kwa riziki yangu, na naijua ikinusa.

Oktoba 1, 2017, mtu mmoja alikaa ghorofa ya 32 ya hoteli ya Mandalay Bay, Las Vegas, akaufyatulia umati uliokuwa kwenye tamasha la muziki zaidi ya risasi 1,000 katika muda wa kama dakika kumi. Bunduki zake kadhaa zilikuwa na bampustoki. Watu 58 walihesabiwa kufa mwanzoni, na baadaye wakawa 60. ATF ikageuka: mwishoni mwa 2018, chini ya serikali ya Trump, ikatangaza kwamba bampustoki ni rashasha, na kuanzia Machi 2019 kuwa nayo ikawa kosa. Mwenye duka la bunduki mmoja wa Texas, Michael Cargill, akasalimisha zake mbili huku akipinga, akashtaki. Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ikamkubalia, majaji sita kwa watatu.

Jaji Clarence Thomas, aliyeandika uamuzi, aliifungua bunduki kipande kwa kipande, hadi na michoro ya mitambo ya ndani. Hoja yake: kila risasi, kifyatulio kinaachiliwa na kugongwa upya, kwa hivyo ni tendo moja kwa risasi moja, hata kama matendo hayo ni mia kadhaa kwa dakika. Jaji Sonia Sotomayor, akipinga, alimleta bata wa Waingereza. Akiona ndege anatembea kama bata, anaogelea kama bata na analia kama bata, yeye anamwita bata.

Nilicheka nilipoisoma, maana sisi tuna bata wetu. Ukimchunguza sana bata, humli. Thomas alimchunguza bata hadi kwenye matumbo, na mwisho hakukuwa tena na bata, kulikuwa na springi na vyuma.

Hata hivyo, na hapa najua baadhi yenu mtanikasirikia, nadhani Thomas ana haki kuliko anavyosifiwa. Fikiria sheria za uzururaji tulizorithi kwa Mwingereza. Ukiwa kijana, umesimama stage saa tano usiku, polisi akishuka kwenye landkruza, kitu kinachokukinga ni maneno. Kama sheria inasomwa kwa "kusudi lake," kusudi lake ni wewe. Unafanana na mhalifu, unatembea kama mhalifu, basi wewe ni bata. Wazee husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mimi ningependa msumeno huo ukate tu pale mstari ulipochorwa, si pale fundi anapohisi. Hakimu ambaye ana uwezo wa kumfunga mtu miaka kumi anapaswa kubanwa na herufi. Kama bunge linataka bampustoki iwe haramu, liseme bampustoki. Jaji Samuel Alito aliandika hivyo hivyo siku ile, kwamba Congress inaweza kubadilisha sheria ikitaka.

Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo. Watu walichukua ubanaji uliowekwa ili kumkinga mshtakiwa, wakaugeuza kibali cha muuzaji. Hakimu hana ruhusa ya kujua zaidi ya yaliyoandikwa. Wewe unayo. Wewe uliyebuni kitako kinachoteleza ulijua tangu siku ya kwanza kwamba kinachouzwa ni mlio wa rashasha bila leseni ya rashasha. Korti kusema "hatuwezi kukufunga" haijasema "ulifanya vyema," kama vile mtu aliyeachiliwa kwa kukosa ushahidi hajaambiwa hakuiba.

Basi mteja wangu alipoleta oda ya pili, vifaa kumi na viwili, vyote vya kuongeza kasi ya kufyatua, nilimwandikia kwamba hivyo sitaandika. Dola arobaini, na rent ilikuwa imebaki siku nne. Jamaa yangu hakuamini. "Ya pezi uliandika. Hizi pia ni halali. Na mwingine ataziandika kabla hujamaliza kunywa hiyo chai."

Nilimwambia ya pezi ningeandika tena kesho. Na kweli ningeandika. Hakuna anayeua zaidi kwa sababu ya pezi. Maneno yangu ya pezi yalisema ukweli kwa wasomaji wake wote wawili: kifaa hiki kinakufanya utii, na kinakugharimu. Ya hivi vingine nisingeweza kuandika sentensi moja ambayo mnunuzi na wakili wangeielewa sawasawa. Kuhusu mwingine kuandika, bila shaka. Aliandika. Hiyo ni habari yake.

Jamaa hakuridhika, na hoja yake iliyobaki ni nzito. Alisema kipimo changu kinategemea kujua sheria ilikuwa inachukua nini, na nani anajua? Sheria ya viungo haisemi. Muulize mwenye bunduki wa California sheria inataka nini, atakwambia inataka bunduki zake zote, polepole, kiungo baada ya kiungo. Muulize mama wa Stockton, atakwambia inataka watoto warudi nyumbani mchana. Maandishi ni yale yale.

Ndiyo. Na hilo ndilo kosa hasa la kuandika sheria kwa viungo. Haikuthubutu kusema inachokiogopa, kwa sababu ikisema, itabidi iguse bunduki nusu-otomatiki zote, mamilioni, na kura za kufanya hivyo hazipo, na katiba ya Marekani inataja haki ya kuwa na silaha. Kwa hivyo inazungumza kwa fumbo, na fumbo mfumbie mjinga, mwenye kiwanda hulifumbua. Mwaka 2021 jaji mmoja wa shirikisho huko San Diego, akiitupa sheria ya California kabla mahakama ya rufaa haijasimamisha uamuzi wake, aliilinganisha AR-15 na kile kisu cha Uswisi chenye mikono mingi. Watu walimkasirikia, na ilikuwa haki yao. Lakini ukiandika sheria inayoona viungo tu, usishangae akija mtu kukuhesabia viungo vya kisu.

New Zealand nayo ilikuwa na sheria ya viungo. Machi 15, 2019, mtu aliyekuwa na leseni ya kawaida aliua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, wengi wakiwa kwenye swala ya Ijumaa. Bunduki zake nusu-otomatiki alizinunua kihalali, akaziwekea vikasha vikubwa ambavyo kwa sheria vilihitaji leseni nyingine, lakini duka halikuhitaji kuiona leseni hiyo ili kumuuzia kikasha. Chini ya mwezi mmoja baadaye, bunge lao lilipiga kura 119 kwa 1. Halikuanza tena kuhesabu mishikio. Lilipiga marufuku nusu-otomatiki nyingi, likabakisha chache ndogo ambazo wakulima hutumia, na serikali ikanunua zilizokuwa mikononi mwa watu, zaidi ya 50,000 kufikia mwisho wa mwaka. Hawakuwa na katiba ya kuwazuia, na walikuwa na wabunge wachache wa kushawishi, sawa. Lakini soma sheria hiyo na utaona kwamba mkulima wa kawaida anaweza kujua amechukuliwa nini na kwa nini. Akibuni kifaa cha kukirudisha, hawezi kujidanganya.

Hapa kwetu hatuna mapezi, kwa sababu hapa swali la kwanza si bunduki ina nini bali wewe ni nani. Hakuna haki ya bunduki katika katiba ya 2010. Kuna cheti, na anayekitoa anaweza kukataa. Hilo lina uozo wake, yeyote aliyewahi kufuata cheti chochote katika ofisi yoyote anaujua. Na kaskazini, Turkana na Pokot, bunduki ya ukoo ule ule wa Stockton inabebwa na vijana wa umri wangu kulinda mifugo au kuiiba, bila cheti, bila pezi, bila mtu wa kuiandikia maelezo.

Mei 2025 serikali ya Marekani ilimalizana nje ya korti na kampuni inayouza kifyatulio kinachojirudisha mbele chenyewe kwa nguvu baada ya kila risasi. Kinauzwa tena. Maneno ya mwaka 1934 hayajaguswa.